Magofu ya Clonmacnoise: yanayosimuliwa na yanayoonekana ukutani

Wageni wengi wa Clonmacnoise, monasteri ya kale kando ya mto Shannon katika kaunti ya Offaly nchini Ayalandi, huamini kwamba Waviking ndio walioyaacha makanisa yale bila paa. Ni kweli kwamba Waviking walipavamia mahali hapo, lakini wafalme wa Kiayalandi wenyewe walipashambulia mara nyingi zaidi, na baada ya kila shambulio watawa walijenga upya. Pigo ambalo hapakuinuka tena baada yake lilikuja mwaka 1552, askari wa Kiingereza wa ngome ya Athlone walipobeba kengele, sanamu, vitabu na hata vioo vya madirisha.

Dhana inayomnyima mtazamaji mambo mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kulichukulia kanisa kuu kuwa jengo la wakati mmoja. Lilijengwa mwaka 909 na mfalme Flann Sinna pamoja na abati (mkuu wa watawa) Colmán, na kuta zake ndefu zilizochomoza kidogo kupita kuta za mbele na nyuma ni alama ya zama hizo, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa mwigo wa nguzo za pembeni za makanisa ya mbao. Mlango wa magharibi ni wa takriban mwaka 1200. Kwa kuwa hauko katikati ya ukuta, ni rahisi kudhani kwamba fundi alikosea vipimo. Kumbe ukuta wa kusini ulibomolewa baadaye na kujengwa upya takriban mita 2 kwa ndani, jengo likapungua upana na mlango ukabaki pale pale. Mlango wa kaskazini, wenye sanamu za watakatifu Fransisko, Patrick na Dominiko, ni wa karne ya 15.

Si kila jiwe lililosimama limesimama hivyo tangu awali. Matao yenye nakshi ya Kanisa la Watawa wa Kike, lililokamilishwa na Derbforgaill, mwanamke wa ukoo wa kifalme, mwaka 1167, yalikuwa yameanguka, yakasimamishwa tena mwaka 1865. Ile misalaba mirefu ya mawe iliyoko uwanjani nayo ni nakala, kwani ya asili imehifadhiwa ndani ya kituo cha wageni ili mvua isiendelee kuila.

Kuhusu mnara wa mviringo, hadithi kwamba ulijengwa uwe maficho ya watawa wakati wa mashambulio hupendwa mno. Lakini kazi yake kuu ilikuwa kupigia kengele. Ulikamilika mwaka 1124, na mwaka 1135 radi ilikata kilele chake.