Pande mbili za sera: dhana potofu wanazolishwa wasomaji vijana

Dhana: Kila mjadala una pande mbili zenye uzito sawa.

Hapana. Kufikia 1964, ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ilipotoka, ushahidi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu ulikuwa umetosha. Kampuni za tumbaku ziliendelea kwa miaka mingi kudai kwamba wataalamu hawajakubaliana, na waliozipa nafasi sawa na wanasayansi walidhani wanatenda haki. Kumbe walikuwa wanazisaidia kueneza shaka. Lakini je, sigara ipigwe marufuku au itozwe kodi tu? Hapo mjadala upo kweli, maana swali limehama kutoka kwenye mapafu hadi kwenye uhuru wa mtu na mfuko wa umma.

Dhana: Kijana akisoma hoja za pande zote, atapima mwenyewe.

Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 1979, wanasaikolojia Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu muhtasari wa tafiti mbili: mmoja ukisema adhabu ya kifo hupunguza mauaji, mwingine ukisema haipunguzi. Wote walisoma karatasi zilezile. Waliounga mkono adhabu hiyo na walioipinga, kila kundi liliona kasoro kwenye utafiti usiolipendeza, na mwishowe wakazidi kung'ang'ania walikokuwa.

Mwaka 1984 Lord na Lepper walirudi na mwenzao mwingine. Kuwaambia washiriki wasipendelee hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuwataka wajiulize: utafiti huuhuu ungeleta majibu kinyume, ningeukosoa vilevile?

Swali hilo hata mtoto wa miaka 12 analiweza. Chukua kodi ya vinywaji vyenye sukari ya Meksiko, iliyoanza 2014 kwa peso moja kwa lita. Manunuzi yalipungua mwaka huohuo. Kijana anayeipinga atasema mwaka mmoja hautoshi kupima. Sawa, lakini yasingepungua, mwaka huo mmoja ungemtosha? Na anayeiunga mkono naye aulizwe vivyo hivyo. Kama ni haki kodi hiyo kumbana zaidi mwenye kipato kidogo, hilo ni suala jingine, na takwimu za mauzo peke yake hazilijibu.

Dhana: Anayebadili msimamo ni kigeugeu.

Inategemea kilichombadilisha: ushahidi mpya, au makofi ya wenzake.

Dhana: Anayewaandikia vijana asiwe na msimamo.

Awe nao, hakuna ubaya, mradi asiufiche. Rasimu yake aisomeshe kwanza kwa mtu wa upande anaoupinga. Mtu huyo akisema "sisi hatusemi hivyo", aya hiyo iandikwe upya.