Vazi kavu ni nini, na linamkingaje mzamiaji na baridi

Vazi kavu ni vazi la kuzamia lisiloingiza maji. Mzamiaji huvaa nguo za joto kwanza, akaliingia vazi lenyewe juu yake, akafunga zipu, na akizama anabaki mkavu toka shingoni hadi nyayoni. Kinacholowa ni kichwa na, mara nyingi, mikono. Jina linasifu ukavu, lakini kazi kubwa hufanywa na hewa. Gamba la nje la vazi la kitambaa ni jembamba kama koti la mvua na peke yake halina joto lolote. Kinachomkinga mtu ni hewa iliyotulia ndani ya nguo alizovaa chini yake.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana mtu anakaa barazani kwa raha kwenye nyuzijoto 27, lakini akizamia maji ya nyuzijoto hizohizo kule Mafia au Unguja, ikifika mara ya tatu siku hiyo meno yanaanza kugongana. Huko, vazi la mpira la milimita 3 linatosha. Vazi la mpira ni kitu kingine: limetengenezwa kwa neopreni, yaani mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi, nalo huruhusu maji kidogo kuingia. Wengi huamini kwamba hayo maji yakishapata moto wa mwili ndiyo yanayoleta joto. Sivyo. Vipovu ndivyo vinavyokinga, na maji yanayopenya ni hasara ambayo mwili unailipia. Tena vipovu hivyo huminywa na kina: mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, mita 30 ni mara nne. Neopreni ya milimita 7, nene kabisa ukiwa nchi kavu, inanywea huko chini ambako unaihitaji zaidi.

Mahali pazuri pa kuona tofauti hiyo ni Silfra, ufa ulio katika hifadhi ya taifa ya Þingvellir nchini Aisilandi. Maji yake hutokana na barafu ya Langjökull iliyoyeyuka, yakachujwa na mawe ya volkano chini ya ardhi. Ni maangavu kiasi kwamba jicho linafika mita 100 na zaidi, na mwaka mzima hayatoki kati ya nyuzijoto 2 na 4. Kwa anayezamia na mtungi wa hewa ya kupumua, vazi kavu huko ni sharti.

Nguo za ndani hupangwa kwa tabaka. Inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au poliesta inayovuta jasho. Pamba haifai kabisa, kwa sababu ikilowa hushika maji na kuganda mwilini. Juu yake huvaliwa ovaroli nene ya manyoya bandia au yenye ujazo kama wa koti la theluji. Mwenye haraka huharibu mambo hapa: anavaa kila kitu mapema, anabeba mtungi na vipande vya madini ya risasi vya uzito, anatoka jasho, halafu anaingia majini akiwa tayari amelowa kutoka ndani. Afadhali zipu ifungwe dakika za mwisho.

Maji yakiingia, mara nyingi hupitia shingoni au kwenye vifundo vya mikono, karibu na viganja, penye pete za lateksi, silikoni au neopreni zinazobana ngozi. Unywele mmoja uliokatiza chini ya pete ya shingo unatosha kuvuta maji tone kwa tone hadi kifua kilowe. Mkononi, ukikunja ngumi kwa nguvu, kano mbili huinuka upande wa kiganja na kati yake hubaki kifereji. Maji hupita hapo. Kwa hiyo pete isogezwe juu kidogo, ipite kano hizo, na ikalie ngozi tupu, si mkono wa fulana. Poda ya talki husaidia lateksi kuteleza bila kuchanika. Zipu nayo ikaguliwe na mwenzako hadi mwisho wa reli yake, maana upana wa kidole ulioachwa wazi ni vazi lililojaa maji.

Ukishuka, hewa iliyo ndani nayo huminywa. Usipoongeza nyingine, vazi linakushika kama mkono, mikunjo inabana ngozi na kuacha michirizi myekundu, na nguo za ndani zinalala bapa. Hapo baridi inaingia hata kama hujalowa tone. Ndiyo kazi ya valvu ya kifuani, iliyounganishwa na mtungi kwa bomba: bonyeza kidogokidogo, sekunde moja moja, mpaka mbano ulegee. Kuibonyeza kwa muda mrefu kwenye maji ya nyuzijoto 3 kunaweza kuigandisha ikiwa wazi. Ikitokea, chomoa bomba na uachie hewa. Ukipanda, hewa hutanuka, nayo hutolewa kwa valvu ya bega la kushoto: ifungue yote, inua kiwiko. Hewa ikikimbilia miguuni unaweza kupaishwa kichwa chini, kwa hiyo kunja magoti, jiviringishe, urudi wima mara moja.

Aina ya gesi unayoijaza ndani ya vazi nayo ni jambo la kuzingatia. Anayepumua mchanganyiko wenye gesi ya heli asiujaze ndani ya vazi, kwani heli hupitisha joto karibu mara 6 kuliko hewa. Gesi ya argoni hupitisha kama theluthi mbili tu ya hewa, ndiyo maana baadhi ya wazamiaji wa kina kirefu hubeba kimtungi chake.

Usemi kwamba nusu ya joto la mwili hupotea kupitia kichwani si kweli. Ila mwili mzima ukiwa umefunikwa, kichwa ndicho kinachobaki majini, na mishipa yake haijifungi kama ya mikono. Kofia ya neopreni ya milimita 7 si ya hiari. Vidole navyo hudai uangalifu: ngozi yake ikishuka chini ya nyuzijoto 15 hivi, hupoteza wepesi, na mtu asiyeweza kubonyeza valvu yake hayuko salama hata kama kifua kina joto.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Ukiwa na joto chini, damu inatembea vizuri na tishu hufyonza naitrojeni nyingi. Ukipoa wakati wa kupanda, mishipa hujibana na naitrojeni hiyo inachelewa kutoka. Hatari ya ugonjwa wa mgandamizo, yaani gesi hiyo kufanya vipovu mwilini, huongezeka. Kwa hiyo fulana ya kupashia moto kwa betri isiwashwe kwa nguvu mwanzoni, ikafa wakati wa kusimama njiani kupanda. Ihifadhi kwa ajili ya huko mwisho.

Kutetemeka kusikozuilika ni wakati wa kumaliza. Ishara yake ni kujikumbatia na kusugua mikono ya juu. Mwenzako akiiona, mnapanda wote, kwa mwendo uleule wa kawaida usiozidi mita 9 kwa dakika. Nje, vua vilivyolowa, vaa kofia kavu, kunywa kitu cha moto. Bafu la maji moto lisubiri: ngozi ikipata moto ghafla, gesi iliyomo hutoka haraka na kufanya vipovu kabla damu haijaibeba.