Urani tunayo, kwa nini kinu cha nyuklia bado ni ghali?

Tangu habari za urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo, zianze kuvuma, swali moja halikosekani kwenye maonesho ya Nane Nane viwanja vya Themi, hapa Arusha: kama madini tunayo, kwa nini tusijenge kinu cha umeme kwa bei nafuu? Wanaouliza wanastahili jibu la kweli. Urani ni sehemu ndogo tu ya gharama ya umeme wa nyuklia. Fedha nyingi hutumika kwenye ujenzi, kabla kinu hakijawasha hata taa moja.

Ujenzi huo bei yake hutofautiana mno. Mwaka 2009 Umoja wa Falme za Kiarabu uliingia mkataba wa takriban dola bilioni 20 na Wakorea Kusini kwa vinu 4 vya Barakah, jumla ya megawati 5,600. Kule Georgia, Marekani, vinu 2 vya Vogtle vyenye megawati zipatazo 2,200 vilikadiriwa dola bilioni 14, vikakamilika mwaka 2024 vikiwa vimevuka bilioni 30. Gharama za Barakah nazo zilipanda, lakini kila megawati bado ilitoka kwa bei ya chini sana kuliko ya Vogtle.

Sababu kubwa ni mazoea ya kazi. Wakorea walikuwa wakijenga kwao bila kupumzika, wakaenda Barakah na ramani waliyoifahamu na kuirudia mara 4 mahali pamoja. Wamarekani walikuwa wamekaa miongo kadhaa karibu bila kuanzisha kinu kipya, na aina ya kinu walichochagua ilikuwa ngeni kwao. Mwaka 2012 wakaguzi walikuta nondo za msingi wa Vogtle hazijapangwa kama ramani iliyoidhinishwa inavyotaka, na umwagaji wa zege ukasubiri. Ufaransa, kinu cha Flamanville kilianza kujengwa mwaka 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3. Mwaka 2019 mdhibiti wa usalama wa nyuklia aliagiza viungo 8 vya mabomba makuu ya mvuke, vilivyochomelewa mahali mabomba yanapopenya ukuta wa kinga, virekebishwe. Kuvifikia tu ilikuwa kazi ngumu. Umeme uliingia gridi Desemba 2024. Sisemi mdhibiti alegeze kamba. Kiungo kibovu hapo hakivumiliki kabisa.

Kila mwaka wa kusubiri una riba yake. Watu wengi Moshi hujenga nyumba kidogo kidogo kwa fedha zao, ikisimama miaka miwili hakuna anayewadai. Kinu hujengwa kwa mkopo. Shilingi bilioni 100 kwa riba ya asilimia 7 hufikia bilioni 140 baada ya miaka 5, na bilioni 225 baada ya miaka 12. Kwa asilimia 3, miaka hiyohiyo 12 inakupa bilioni 143. Ndiyo maana Misri, kwa mradi wake wa El Dabaa, ilitafuta mkopo wa Urusi wa hadi dola bilioni 25 kwa riba ya asilimia 3. Ukisikia bei ya kinu ikitajwa, uliza kwanza kama riba imo. Mara nyingi haimo.

Wapo wanaotegemea vinu vidogo. Navitazama kwa matumaini, ila mradi wa vinu vidogo vya kampuni ya NuScale, wa megawati 462 nchini Marekani ulipanda kutoka dola bilioni 5.3 hadi 9.3, ukafutwa Novemba 2023.

Kwetu lipo na suala la gridi. Kinu kimoja cha aina ya Vogtle kikizimika ghafla, ni kama mashine karibu 5 kati ya 9 za Bwawa la Nyerere zimezimika kwa mpigo. Laini ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Arusha hadi Isinya, Kenya, inasaidia kupata umeme wa kuziba pengo, lakini haitoshi peke yake. Akiba ya mitambo na laini za ziada hazimo katika bei anayotaja muuza kinu, na malipo yake humfikia mteja yuleyule wa TANESCO.