Ng'ambo si Ulaya: dhana potofu na ukweli kuhusu kutegemeza misioni

Sadaka ya misioni inapotangazwa kanisani, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya mnada wa ndizi, mayai na kuku walioletwa madhabahuni, viti vya nyuma huwa havikosi minong'ono. Huyu anauliza kwa nini maskini achangie utume wa nchi nyingine, yule anasema shule ni za serikali na kanisa halina tena la kufanya huko, na wa tatu ana hakika kwamba Wajerumani watalipa kama walivyolipa siku zote. Huu ni mwaka wa sita nikiwa katika kamati ya misioni na uinjilisti ya usharika wetu, na nimeyasikia haya mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba wanaoyasema si wachoyo. Wengi wao wamefundishwa historia nusu.

«Wamisionari ni Wazungu, sisi ni wa kupokea»

Dhana hii ndiyo inayozizaa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Hakuna anayekana kwamba mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, wala kwamba mwenzake Rebmann alimfuata mwaka 1846, lakini mtu akihesabu waamini waliopatikana Rabai, kituo chao karibu na Mombasa, kwa miaka mingi ya taabu zao ataona ni wachache mno. Waliokuja kuipa Rabai uhai, na baadaye makazi ya Freretown yaliyoanzishwa mwaka 1875, walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika waliokombolewa utumwani, na miongoni mwao waalimu na mafundi waliosomeshwa Nasik, karibu na Bombay nchini India, ambao ndio maana waliitwa Waafrika wa Bombay. Kengele ya Freretown ingaliko, na mtaa ulioizunguka, upande wa Kisauni, unaitwa Kengeleni. Wanaopita hapo kila siku kwa matatu ni wengi kuliko wanaojua kwamba msaada wa kwanza wa kazi hiyo ulivuka bahari ukitokea Asia.

Zanzibar ni hivyohivyo. Misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyohamia kisiwani mwaka 1864, iliwasomesha Kiungani vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na kutoka huko ndiko alikotoka John Swedi aliyepewa ushemasi mwaka 1879, kisha Cecil Majaliwa aliyekwenda kuhudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kati ya Wayao wenzake, na kupewa ukasisi mwaka 1890. Kazi aliyofanya Majaliwa huko ni ya mmisionari kwa kila kipimo, ila vitabu vingi humwita «msaidizi».

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Apolo Kivebulaya. Mganda huyu alivuka mto Semliki mwaka 1896 akaingia Boga, katika Kongo ya leo, akafundisha, akatiwa gerezani kwa kusingiziwa mauaji, akaachiwa, akarudi palepale palipomtia matatani. Miaka yake ya mwisho alikaa na watu wa Boga na wa msitu wa Ituri hadi kifo chake mwaka 1933, akaagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao alikuwa hajamaliza kuuhubiri. Hakutumwa kutoka London. Alikuwa mmoja wa waalimu wengi waliotoka Buganda kwenda Toro, Ankole, Bunyoro na Busoga, na waalimu hao walitunzwa na kanisa la Uganda lenyewe, kwa sababu CMS, shirika la misioni la Kianglikana la Uingereza, halikutaka mishahara ya wachungaji na waalimu wa Kiafrika itoke katika mfuko wake wa Uingereza. Kwa maneno mengine, watu ambao walikuwa wamebatizwa jana tu walikwisha kuanza kutuma watu.

Kwa upande wa Wakatoliki yuko Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikokuwa katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Huyu Mwafrika wa Magharibi aliwatibu Wafipa na Wabende kwa zaidi ya miaka 60, na sidhani kuna Mzungu wa zama zake aliyekaa Karema muda kama huo.

Ushahidi mwingine ulitolewa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa Kilimanjaro, Bruno Gutmann akiwamo, naye alirudi mwaka 1925. Wakati wanaondoka, Wachaga Walutheri hawakuwa na mchungaji mzalendo hata mmoja. Ibada, shule na mafundisho ya ubatizo vilibaki mikononi mwa waalimu wa vijijini, na kanisa halikufa. Bukoba nako waamini walibeba mzigo kama huo. Makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) yalijengwa juu ya mabega hayo, na miaka 14 baadaye, mkutano wa Walutheri wa dunia ulipofanyika Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wao.

Hapa niseme neno moja la lugha. Kiswahili hakijawahi kusema kwamba ng'ambo ni Ulaya. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, hata yakiwa ya mto unaovukwa kwa mtumbwi.

«Utume ni kazi ya makanisa tajiri; tungoje kwanza tujiweze»

Wanaosema hivi hudhani kwamba misioni ya Ulaya ilianzishwa na matajiri. Wamoraviani wa kwanza waliotoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi walikuwa wawili, mmoja mfinyanzi na mwingine seremala, na walitarajiwa kujilisha kwa kazi ya mikono yao. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika ukoo huohuo wa kanisa dogo, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoraviani wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Pauline Jaricot, aliyeanzisha shirika la Uenezaji wa Imani mjini Lyon mwaka 1822, aliwagawa watu katika vikundi vya kumikumi, kila mmoja akitoa senti moja kwa juma, na wengi wa watoaji wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya hariri. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843, lilitegemea sarafu za watoto.

Mpango wa Jumapili ya Misioni, iliyoanzishwa mwaka 1926 na ambayo Kanisa Katoliki huiadhimisha kila Oktoba, umerithi busara hiyo: sadaka ya siku hiyo inatoka parokia za dunia nzima, za nchi maskini zikiwamo, huingia katika mfuko mmoja, kisha hugawiwa majimbo yenye uhitaji. Parokia ya kijijini Sumbawanga inayotuma sadaka yake huenda inamsomesha mseminari wa bara jingine bila kujua. Kwa Waprotestanti, lile lililokuwa shirika la Kijerumani la misioni lenye makao Wuppertal liligeuzwa mwaka 1996 kuwa umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yenye sauti sawa, dayosisi kadhaa za KKKT zikiwa wanachama, na wachungaji sasa hutumwa kwa pande zote, Ujerumani ikiwamo. Kwa hiyo anayesubiri kutajirika kwanza hana wa kumwiga katika historia yote hii.

«Shule za misheni zilijengwa kwa fedha za wageni»

Baadhi zilijengwa hivyo, hasa zile za bweni zenye majina makubwa. Nyingi, hata hivyo, zilikuwa vibanda vya udongo na nyasi vilivyosimamishwa na wanakijiji wenyewe, mwalimu akiwa katekista aliyelipwa kidogo sana au kulimiwa shamba na wazazi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kupita Afrika Mashariki mwaka 1924 na Uingereza kutangaza sera yake ya elimu mwaka uliofuata, serikali za kikoloni zilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, na sehemu ya fedha hizo ilitokana na kodi ya Waafrika haohao. Ukitaka kuona nguvu ya wazazi ilikuwa kiasi gani, tazama Wakikuyu mwaka 1929: walipokosana na wamisionari juu ya tohara ya wanawake, waliondoa watoto na kujenga shule huru kwa mifuko yao wenyewe. Mtu anaweza kuwalaumu kwa sababu ya ugomvi, lakini hawezi kusema hawakuweza kujenga.

«Serikali ilipotaifisha shule, kazi ya kanisa iliisha»

Tanzania ilizichukua shule za mashirika ya dini kwa sheria ya mwaka 1969 iliyoanza kutekelezwa mwaka uliofuata, na seminari zikaachwa kwa makanisa. Mwaka 1992 serikali na makanisa, kupitia Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na tangu hapo shule mpya za kanisa zimeongezeka sana. Kenya ilifuata njia tofauti, kwa kulifanya kanisa kuwa mfadhili wa shule za umma lilizozianzisha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili uwakilishi katika bodi ya shule pamoja na wajibu wa malezi ya kiroho, kwa gharama yake mwenyewe na bila kuingilia imani ya wanafunzi wa dini au madhehebu mengine.

«Kuingia shuleni ni kubatiza watoto wa watu»

Hii haikutoka hewani, na Mkristo anayeikanusha kwa hasira anajidanganya. Katika nchi zetu kusoma na kubatizwa vilitembea pamoja kwa miongo mingi. Katika Kiganda kitenzi cha kusoma hutumika pia kwa kwenda kusali, na «wasomaji» lilikuwa jina la Wakristo wa kwanza. Mzazi Mwislamu wa miaka ya 1930 aliyeogopa kumpeleka mwanawe shule ya misheni alikuwa na sababu, na pengo la elimu lililotokana na hofu hiyo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosababisha utaifishaji niliotaja. Waislamu wanaoikumbuka habari hiyo hawabuni.

Mambo ya sasa ni mengine. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inafanya kutangaza dini, kuabudu na kueneza dini kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi, na ratiba ya shule ina kipindi cha dini ambacho wanafunzi hugawanyika kila mmoja akaenda kwa mwalimu wa imani yake. Wanafunzi wenyewe wana vyama vyao, kama UKWATA kwa makanisa ya Jumuiya ya Kikristo, TYCS kwa Wakatoliki na CASFETA kwa Wapentekoste, na kanisa likichangia huwa linachangia nauli ya mwalimu wa dini, Biblia, chakula cha kongamano la Pasaka na, katika shule nyingi, madawati ambayo watoto wote huyakalia. Mkuu wa shule ndiye mwenye mlango. Mwinjilisti anayeingia bila kubisha hodi, au anayemwita mtoto wa Kiislamu kwenye maombi bila mzazi wake kujua, anavunja uaminifu ambao wenzake watauhitaji kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu kamati inayomlipa haina budi kumwita mezani.

«Kutoa ni kutoa, usiulize kilichotokea»

Huitwa unyenyekevu, ila mara nyingi ni uvivu. Niliwahi kuona stoo ya shule moja yenye maboksi ya vitabu vilivyofungashwa kwa upendo na kanisa rafiki la ng'ambo, vikiwa vya lugha ambayo hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyeijua, mchwa wamekwisha kuvila kuanzia chini. Aliyetuma hakuuliza kinachohitajika, na aliyepokea aliona haya kusema, maana mgeni akileta zawadi humwambii haifai. Fedha ya kununua vitabu vya mtaala kwa muuzaji wa mjini ingegharimu kidogo kuliko usafiri wa maboksi yale.

Sisi nasi si watakatifu. Usharika wetu humtegemeza mwinjilisti mmoja ng'ambo ya mto Ruvuma, na kwa miaka mitatu tulituma posho yake kila robo mwaka, tukasoma stakabadhi mbele ya washarika, tukapigiwa makofi. Robo moja ya mwaka jana, mhazini alipomaliza kusoma, bibi mmoja wa jumuiya ya chini, ambaye ahadi yake katika bahasha ni shilingi mia tano, alisimama akauliza: «Wanangu, huyu tunayemlipa, mvua ikinyesha analala wapi?» Mhazini alimtazama mchungaji, mchungaji akanitazama mimi. Jumatatu yake tulimpigia simu mwinjilisti, na wiki iliyofuata mnada wa ndizi ulikuwa wa mabati.