Mofini haiharakishi mauti

Mjini Unguja hata Wete, mgonjwa wa saratani akiandikiwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, jamaa hunong'ona: “Basi, wameshamkatia tamaa.” Kauli hii inaumiza watu kweli, maana wapo wanaoificha dawa kabatini huku mgonjwa wao akiugulia usiku kucha.

Mofini ni sehemu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye maradhi mazito, nayo haikusudii kuharakisha kifo wala kukichelewesha; Shirika la Afya Duniani liliandika hivyo mwaka 2002. Mofini ya maji huanzwa kwa kipimo kidogo, hunywewa kila baada ya saa nne, na huongezwa taratibu kwa kufuata maumivu. Ikitolewa hivyo, ni nadra kuathiri pumzi. Usumbufu wake mkubwa ni kufunga choo, ndiyo maana huambatana na dawa ya kulainisha.

Wala tiba shufaa si huduma ya siku za mwisho tu. Mwaka 2010, utafiti uliofanyika Boston, Marekani, uliwafuata wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu. Walioanzishiwa tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, nusu yao walivuka miezi 11.6, kwa wenzao ilikuwa 8.9. Basi muulizeni daktari maumivu yanapoanza, msingoje mgonjwa ashindwe kumeza.