Unywele mmoja ndani ya kauri

Nikisema natafiti kauri, watu huniuliza kama natengeneza vikombe. Sikasiriki, maana mimi na mfinyanzi kazi yetu inafanana: unga unaumbwa, kitu kinabaki kibichi kwa muda, kisha kinachomwa. Tunachotofautiana ni unga. Wangu ni alumina au zirkonia (oksidi za metali za alumini na zirkoni) iliyosafishwa sana, na tanuri langu hufika nyuzi 1,500 za Selsiasi. Hata hapo hakuna kinachoyeyuka, kwani alumina haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000. Chembe zinashikana tu, atomi zikihama taratibu kujaza mapengo, na kipande kinatoka kimesinyaa karibu asilimia 15 hadi 20 kila upande. Ukisahau kulipigia hesabu hilo (na kila mwanafunzi husahau mara moja), tundu ulilolitoboa halipokei skrubu tena.

Ila muda wangu mwingi haujaishia kwenye kuchoma. Umeishia kwenye kusaka dosari. Chuma kikiwa na ufa, ncha ya ufa hulainika kidogo na kuwa butu. Kauri haina msamaha huo. Atomi zake zimefungana imara mno, haziteleziani, kwa hiyo mzigo wote hujikusanya kwenye ncha mpaka kipande kinakatika ghafla. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alilifafanua jambo hili mwaka 1921 kwa kuchunguza kioo, na tangu hapo tunajua kwamba uimara wa kipande hutegemea dosari kubwa kuliko zote iliyojificha ndani yake. Ndiyo maana hatuvunji kipande kimoja na kutangaza jibu. Tunavunja thelathini hivi, tunaangalia mizigo iliyovivunja imetawanyika vipi.

Nilipokuwa nasomea uzamivu, fimbo zangu za alumina zilikuwa zikivunjika kwa mzigo unaokaribiana, isipokuwa mbili zilizokatika kabla ya nusu ya mzigo huo. Nilitaka kuzifuta kwenye daftari. Msimamizi wangu alizisukuma tu mbele yangu, akasema, “Hizi ndizo za kuangalia.”

Uso wa kauri iliyovunjika unasomeka. Kwenye chanzo cha ufa kuna eneo dogo laini linalong'aa kama kioo. Likizungukwa na utepe wa ukungu. Kisha mistari inayotawanyika kama miale. Ukiifuata miale kinyumenyume, unafika kwenye chanzo. Kwenye hadubini ya elektroni nilikuta tundu jembamba, refu, lililopinda. Unywele. Ulidondokea kwenye unga, ukaungua tanurini, na nafasi yake ikabaki wazi. Fimbo ya pili, hadithi ileile. Nywele zilikuwa zangu, sina shaka. Tangu siku ile sigusi unga bila kofia.

Usafi una mwisho wake, lakini. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: acha dosari ziwepo, ila ufa ukianza kutembea ukutane na upinzani. Mwaka 1975 watafiti Garvie, Hannink na Pascoe, wakiwa Australia, walionyesha kwamba zirkonia inaweza hilo. Zirkonia tupu ikipoa kutoka tanurini hubadili mpangilio wa fuwele zake, inavimba asilimia 4 hadi 5 na kujipasua yenyewe. Ukiitia oksidi nyingine kidogo, siku hizi mara nyingi yitria, haibadiliki ikipoa. Inakaa kama mtego uliotegwa. Ufa unapopita, mtego unafyatuka: chembe zilizo karibu zinavimba na kuubana. Wahenga walitutaka tuzibe ufa mapema. Hii inajihangaikia yenyewe.

Tatizo ni maji. Unyevu huifyatua mitego polepole, kuanzia juu kwenda ndani, bila ufa wowote kupita. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia viliondolewa sokoni baada ya baadhi yake kuvunjika ndani ya miili ya wagonjwa. Kilichokuwa kimebadilika kiwandani ni aina ya tanuri la kuchomea. Unga ulikuwa uleule.

Kwa hiyo siku hizi nachemsha kauri, nione mapema unyevu utaifanyia nini. Vipande vinakaa kwa muda wa saa 5 kwenye mvuke wa nyuzi 134, kisha napiga eksirei kuona fuwele ngapi zimeshageuka. Kwa vipandikizi vya mwilini, zisizidi asilimia 25. Kundi la wiki hii limetoka na 9. Nimelirudisha kwenye mvuke.