Feni Tisa kwenye Mazabodi ya Soketi Tatu

Dada mmoja anayehariri video huko Sinza alinipigia simu juma lililopita kuhusu kompyuta yake. "Kaka, mashine inaunguruma usiku kucha. Hata chumba cha pili hawalali." Nilipofika nikakuta kesi nzuri ya kioo, yaani kasha la kompyuta, yenye feni tisa: tatu mbele, tatu juu, moja nyuma, na mbili za kipoza cha prosesa (CPU). Mazabodi yake, yaani bodi kuu ya kompyuta, ina soketi tatu tu za feni.

Zile mbili za prosesa zilikuwa sawa, zimechomekwa kwenye soketi ya CPU. Zile saba za kesi zimeingizwa zote kwenye habu, kile kibodi cha kuunganishia feni nyingi pamoja, na habu imepewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme. Kupewa umeme hivyo si kosa. Kosa la kwanza nililiona nilipofungua ubavu wa nyuma: ule waya mwembamba unaotoka kwenye habu kwenda kwenye mazabodi ulikuwa umekunjwa na kufungwa vizuri kabisa, haujachomekwa popote. Feni ya PWM, yaani ya pini nne inayopangiwa kasi kwa ishara, isipopata amri hukimbia kwa kasi yake yote. Ndiyo kelele aliyokuwa akiisikia.

Ukielewa nyaya nne za feni, mengine yote yanafunguka. Waya wa kwanza ni wa hasi, wa pili unaleta volti 12. Wa tatu unatoa taarifa: kila feni inapozunguka mara moja hutuma mapigo mawili, na mazabodi ikiyahesabu inajua mizunguko kwa dakika. Wa nne ndio unaopokea amri. Umeme wa volti 12 unabaki palepale, ila waya huu hupeleka ishara inayowaka na kuzima takriban mara 25,000 kwa sekunde, na feni inakwenda kwa kasi inayolingana na muda ambao ishara imewaka. Feni ya pini tatu haina waya huo wa nne. Ukitaka kuipunguza kasi, lazima uipunguzie volti zenyewe, na ukizishusha mno haitawaka kabisa.

Kwa hiyo ukichomeka feni ya pini tatu kwenye habu ya PWM inaingia bila shida, lakini haisikii amri. Mbili kati ya feni tatu za juu za huyu dada zilikuwa za namna hiyo, zimenunuliwa baadaye. Nilizitoa kwenye habu, nikaziunga kwa waya wa kugawa mara mbili kwenye soketi ya pili ya kesi, kisha nikaingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya mazabodi, na kuibadilisha soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC, ambayo hupunguza kasi kwa kushusha volti. Tano zilizobaki nikaziacha kwenye habu, na ule waya mwembamba ukaenda kwenye soketi ya tatu.

Kwa nini nisiziunge zote saba kwa waya za kugawa, nikaachana na habu? Kwa sababu ya ampea. Soketi nyingi za feni kwenye mazabodi zimepangiwa ampea 1, yaani wati 12. Chache zinafika 2 au 3, na kitabu cha mazabodi husema. Kiasi inachokula feni kimeandikwa kwenye stika iliyo katikati yake. Feni ya ampea 0.2, ukiweka tano umeshafika ukomo, na zinapoanza kuzunguka zinavuta zaidi ya hapo. Miaka yangu ya mwanzo niliunga feni sita za ampea 0.3 kwenye soketi moja bila kusoma stika hata moja. Soketi iliungua, na mazabodi ya mteja nililipa mimi. Tangu siku hiyo napiga hesabu kwenye karatasi kabla sijashika waya. Habu inayopata umeme kwa plagi ya SATA, ile ya pawasaplai inayolisha diski, ina nafasi kubwa zaidi, kwani plagi hiyo imewekewa hadi ampea 4.5 kwenye volti 12. Pampu ya kipoza cha maji usiiweke kwenye habu ya feni. Ipe soketi yake na uiache kwenye asilimia 100.

Jambo moja kuhusu habu wengi hawalijui: ni tundu moja tu linalorudisha taarifa ya mizunguko, kwa kawaida lile lenye alama au namba 1. Feni nyingine ikifa, mazabodi haitajua. Nilimwomba dada awe anazitazama zote kwa macho kila mwezi.

Sasa kasi yenyewe, na hapa ndipo Dar inapotudai tufikiri. Alikuwa amenakili mchoro wa kasi, yaani mpangilio wa feni ziende kasi gani kwa joto gani, kutoka kwenye video ya mtu anayeishi nchi ya baridi. Lakini kipoza cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 32, prosesa nayo inapanda karibu nane zilezile kwa kazi ileile. Mchana anawasha kiyoyozi; usiku anakizima ili yuniti za LUKU zisiishe, na ndio wakati anaoachia mashine itoe video, yaani itengeneze faili la mwisho la video aliyohariri. Mchoro uliofaa chumba cha baridi ungezifanya feni zipande na kushuka bila kupumzika, na sikio huudhiwa zaidi na kupanda na kushuka kuliko na mvumo mmoja.

Tena prosesa za siku hizi huruka nyuzi 15 au 20 ukifungua programu tu, halafu zinarudi. Kwa hiyo feni za kesi sikuzifungia kwenye joto la prosesa. Nilizifanya zifuate kihisi cha mazabodi, ambacho hupanda taratibu kama hewa ya ndani ya kesi inavyopanda. Chini ya nyuzi 42 zinakaa asilimia 35, zikifika 50 zinakwenda 60, na juu ya 58 zinakwenda kasi yote. Za prosesa niliziongezea kuchelewa kwa sekunde chache kabla ya kuitikia. Sishuki chini ya asilimia 30, maana kuna feni zinazokwama hapo.

Nilisafisha pia vichujio vya mbele. Vumbi la barabara likichanganyika na unyevu wa pwani linashika kama gundi, na kichujio kilichoziba hakisaidiwi na feni yoyote.

Saa nne usiku tulizima kiyoyozi, akaanzisha kazi ya kutoa video ya harusi. Tulikaa nusu saa. Feni za mbele zilitulia karibu na mizunguko 900, na tuliweza kuongea bila kupaza sauti. Kabla sijaondoka nilihifadhi mpangilio kwenye profaili ya BIOS, na yeye akapiga picha kila ukurasa kwa simu, kwa sababu BIOS ikisasishwa mipangilio hiyo mara nyingi hufutika.